Jana Mlikula Nini

Mimi ni mtu wa mdomo, wala sifichi. Kwetu Mji wa Kale wananijua hivyo tangu nasuka mikia miwili: unaweza kunichezea kwa lolote, lakini ukinigusa kwenye Kiswahili utanipata. Ndiyo maana miaka michache iliyopita, nilipopata kazi katika ofisi moja pale Kilindini, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama makontena, niliona ni riziki niliyoandikiwa. Kulikuwa na programu ya simu iliyotengenezwa na watu wa mbali, ya kupima wanachokula watu wa vijijini huko Kwale na Kilifi. Unamuuliza mama wa watu jana alikula nini, unabonyeza picha za vyakula, simu inapiga hesabu yake, mwisho inakutolea rangi. Kijani, huyu anakula vizuri. Manjano, ana upungufu. Nyekundu, huyu ana njaa. Ilikuja na Kizungu chake, na kazi yangu mimi ilikuwa kuitia Kiswahili, kisha kuijaribu mjini kabla haijapelekwa mashamba.

Swali la kwanza kabisa ndilo lililotutia maneno. Kwa Kizungu, anayeulizwa awe mmoja au awe mia, neno ni lile lile. Kiswahili hakina mchezo huo, lazima uchague: ulikula nini, au mlikula nini. Meneja wetu, dada mmoja wa bara aliyeletwa pwani na kazi, mpole, Kiswahili chake cha shuleni hakina kosa hata moja, alisema kwamba tunampima mtu mmoja, basi si tuandike ulikula? Nikamcheka. Nikamwambia dada yangu, kwenu labda, lakini huku kwetu humkabili mtu mzima ukamuuliza yeye peke yake kala nini. Huko ni kumhesabia mtu tonge, na hakuna ukosefu wa adabu mkubwa kuliko huo. Atakujibu "nimekula, alhamdulillahi," na mazungumzo yataishia hapo, na ukishatoka atakusema mtaa mzima. Uliza mlikula. Ulizia nyumba, ulizia jiko lake, atakufungulia moyo pamoja na sufuria. Akasema haya, wewe ndiye mwenye lugha. Siku ile nilitembea ofisini kifua mbele, wallahi, utadhani nimechaguliwa mbunge.

Tena sikuishia hapo. Ile programu ilikuwa na picha za sahani: sahani tele, sahani nusu, sahani robo. Nikauliza, sahani ya nani? Nyumba ngapi za kwetu zinakula sinia moja, watu wamelizunguka, kila mmoja na upande wake? Nikagombana nao wiki mbili mpaka wakakubali kuweka picha ya sinia, na chini yake swali: walikula watu wangapi? Simu ilichukua sinia ikaligawa kwa watu. Mimi ndiye niliyelipiga picha lile sinia, na lilikuwa la mama yangu.

Sinia lile nalijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Lina kibonyeo ukingoni, pale kaka yangu alipoliangusha ngazini, akakimbilia kwa shangazi asirudi mpaka magharibi. Tulikuwa sita tukilizunguka: baba, mama, kaka zangu wawili, dada yangu, na mimi kitinda mimba. Baba alikuwa karani wa watu wa kutoa mizigo bandarini. Kila adhuhuri alitoka Kilindini kwa miguu akaja kula kwake, jua liwake, mvua inyeshe, na hakuna mkubwa wa kazi aliyemweza kwa hilo. Mama alikuwa akisikia viatu vyake ngazini ndipo anapopakua, si kabla, maana wali wa nazi ukipoa, alisema, ni kama mtu aliyenuna. Tulinawa kwa zamu, dada ameshika birika, tukakaa mkekani.

Na sheria zilikuwepo. Kula mbele yako. Usivuke mpaka. Usitazame tonge la mwenzio. Usiinuke wa kwanza ukamwaibisha mgeni. Samaki alikaa katikati, na mama, aliyekaa upande wa mlango wa jikoni ili ainuke upesi mtu akitaka ndimu, alimpasua kwa ncha za vidole akawa anasogeza minofu, huku kidogo, huku kidogo, wala hatazami. Ungejikuta mbele yako pana mnofu na hujui ulifikaje. Kichwa cha samaki ni cha baba. Ubavu wenye mafuta ni wa kaka mkubwa, aliyekuwa na kifua kibovu. Mimi nilipenda ngozi iliyoshika tui la kupaka, na ngozi ilinifikia miaka yote ile bila kuikosa hata siku moja.

Mnofu wake yeye mama ulikuwa wapi? Sikuuliza. Tukishashiba yeye alirudi jikoni na sufuria, tukasikia upawa ukikwangua ukoko. Alisema yeye hushibishwa na harufu ya mapishi, nasi tukaamini. Watoto ni watu wa ajabu, huamini lolote linalowaachia mnofu.

Hata Ijumaa jioni, tulipokwenda Mama Ngina, pale ufukweni, kupunga upepo, baba akinunua mihogo ya kukaanga na kuinyunyizia pilipili na ndimu, mama ndiye aliyeshika karatasi. Sisi tulikuwa tukichopoa tu, mmoja baada ya mmoja, macho yetu baharini kwenye meli. Nayakumbuka mafuta kwenye vidole vyake. Nikiipata harufu ya mihogo ile hata leo, moyo wangu huenda mbio nyuma, na sina aibu kusema kwamba hulia.

Basi, dunia ikafanya yake. Baba akatangulia. Dada akaolewa Maskati. Kaka mmoja yuko Doha, mwingine Nairobi na haji ila Idi. Mimi nikaolewa ng'ambo, Kisauni. Mama akabaki ghorofani mwake, na ukimwambia ahame hukutazama kana kwamba umemwambia avue buibui sokoni. Ana sukari, na ana vidonge vyake, asubuhi na jioni, vya kumezwa pamoja na chakula. Kwa hiyo sisi watoto wanne tulikuwa na hofu moja tu, na hofu hiyo tuliitupiana kwa simu kutoka nchi tatu: mama anakula?

Sasa tulipoambiwa kila mfanyakazi achague mwanamke mmoja mtu mzima wa kujaribia programu, nilimchagua nani? Nilifurahi. Niliona kazi na mapenzi vimekutana mlango mmoja. Jumamosi nilikuwa nikimwendea baada ya alasiri, na Jumatano nilimpigia simu.

"Mama, jana mlikula nini?"

Naye akapenda mchezo ule ajabu. Alijipanga kitini kama mtu anayehojiwa redioni. Jana? Jana tumekula wali wa nazi na changu wa kupaka, na mchicha, na kachumbari ya embe bichi. Juzi? Juzi tulipika maharagwe ya nazi, na chapati, na papa mkavu kidogo wa kulia. Nikabonyeza wali, nikabonyeza samaki, nikabonyeza mboga. Sinia tele? Tele. Walikula watu wangapi? Sita, akasema bila kusita. Nikacheka moyoni kwamba nyumba ya mama bado ina watu, jirani hawa na jirani wale, wamempandia kula naye, alhamdulillahi. Simu ikapiga hesabu, ikatoa kijani. Jumamosi baada ya Jumamosi, kijani, kijani tupu. Nikaipiga picha ile rangi nikawatumia ndugu zangu. Dada wa Maskati alijibu kwamba usiku ule alilala usingizi wa kweli.

Meneja naye akasema mama yako ndiye anayekula vizuri kuliko washiriki wote. Nikamwambia si umeona, ukijua kuuliza, watu watakujibu.

Mwezi wa pili mama akaanguka. Alikuwa anafagia sebule, akaona giza, akashtuka yuko chini. Jirani wa ghorofa ya chini alimkuta, akampa chai yenye sukari nyingi, kisha akanipigia. Nilipomfikisha kwa daktari kule Bondeni ile chai ilikuwa imeshafanya kazi, na sukari ilipopimwa haikuonekana kuwa chini. Daktari akamtazama macho, akampima presha, halafu akaniuliza mimi, si yeye, swali moja: mama anakula?

Nikamtolea simu. Nikamfungulia kurasa, Jumamosi hii, Jumatano ile, kijani chote. Nikamweleza habari ya samaki, habari ya mchicha. Mama alikuwa amekaa kando, ameshika mkoba wake magotini. Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema basi vidonge vya sukari viendelee vile vile, huenda ni uchovu na joto, apumzike. Nikatoka pale najiona mtoto bora kuliko watoto wote wa Mombasa. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, lakini mimi nilikuwa nimeupaka mlango rangi ya kijani nikasimama nje kuusifu.

Siku kumi baadaye akaanguka tena, safari hii ngazini, akapasuka juu ya nyusi. Nilifika nikamkuta amekalishwa kitini, kitambaa usoni, anamwomba radhi kila mtu kwa usumbufu. Nilimfuta damu. Nikaingia jikoni kumtafutia chochote atie tumboni, maana ilikuwa imeadhiniwa alasiri na chakula cha mchana najua alikipika, harufu ya tui ilikuwa imejaa nyumba. Nikafunua sufuria. Imeoshwa. Nikafunua ya pili. Imeoshwa pia. Sinia limesimamishwa ukutani, kavu. Nikasema labda kimeliwa chote, watu sita si mchezo.

Hapo wakaanza kugonga mlango. Msichana wa mjane mmoja wa nyumba ya pili, na sahani. Mwalimu wa chuo cha Kurani, na bakuli. Mke wa mwadhini, na sahani, juu yake kaimati tatu, maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kisha mzee anayeshona kofia barazani. Kisha jirani wa chini. Kisha mlinzi wa nyumba ya wageni ya jirani, kijana wa watu kutoka Kitui, ameishika sahani kwa mikono miwili kwa heshima. Wote wananipa pole, wote wanasema wali wa leo ulikuwa mtamu. Nikavipanga vyombo juu ya meza, nikavitazama. Vilikuwa sita.

Nikavihesabu tena kimoja kimoja. Nikarudi sebuleni nikapiga magoti mbele yake. Nikamuuliza vile ambavyo sikulelewa kumuuliza mtu, seuze mama yangu.

"Wewe, mama. Wewe mwenyewe. Jana ulikula nini?"

Akakirekebisha kitambaa cha uso, akatazama dirishani.

"Chai," akasema.

"Na juzi?"

"Juzi pia." Kisha akaniwekea mkono begani, kana kwamba mimi ndiye niliyeumia. "Sikukwambia urongo, mwanangu. Uliuliza nyumba, nami nikakujibu nyumba."

Nikataka kukasirika. Hasira ndiyo njia yangu ya kulia, wanaonijua wanajua. Nikamwambia unameza dawa kali na tumbo tupu, unataka kutuua sisi kwa kihoro? Unapika wali wa watu sita ukaupeleka barabarani wote, wewe ukanywa chai? Kwa nini? Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Ndipo akanieleza, taratibu, kwa aibu. Alisema mkono wake haujui kupika chakula cha mtu mmoja, mchele unajipima wenyewe, vibaba vile vile vya zamani. Akishapika hujaribu. Hupakua sahani yake, hukaa nayo pale mkekani.

"Lakini nikiitazama ile sahani moja, naona kama nimefiwa leo," akasema. "Tonge halipiti."

Basi huifunika kwa kawa akamtumia mtu. Na mtu akila, yeye hujisikia ameshiba kidogo. Ndivyo alivyofanya karibu mwaka mzima, katikati ya Mji wa Kale, majirani mlango kwa mlango, na watoto wanne wanaopiga simu kuuliza mama hujambo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nililia pale magotini mwake, nikalia sana, si kwa ajili yake tu. Nililia kwa vile minofu ilivyokuwa ikinifikia miaka yote ile nami nikaila.

Jioni ile ile nilimpigia daktari nikamwambia kwamba nilimdanganya bila kujua. Hakunigombeza, na ningependelea anigombeze. Alisema dawa ile bila chakula huishusha sukari mpaka mtu akazimia, na tumshukuru Mungu kwamba ngazi ilimpasua nyusi tu. Akapunguza dozi, akataka kumwona kila wiki. Asubuhi yake nikaenda kwa meneja. Nikamwambia dada, lile swali ulilisema sawa, mimi ndiye niliyekosea, andikeni ulikula. Mbele ya watu wote nilisema. Yeye mwenyewe ndiye aliyeona haya, akasema lakini si ulisema ni kukosa adabu? Nikamjibu ni kukosa adabu, kweli. Tutafute namna ya kumwomba mtu radhi kwanza, kisha tumuulize. Nikamwomba tuongeze na swali jingine, ulikula na nani. Akaandika barua kule kwao mbali, wakajibu kwamba hilo si lishe. Sikubishana, na mimi kutobishana ni habari ya kupeleka gazetini. Lakini kila kijiji nilichokwenda baadaye nililiuliza kwa mdomo, na wanawake walilijibu kuliko maswali yote.

Siku ile ya kuungama kwa meneja, adhuhuri ilipofika, niliacha simu mezani nikatoka. Kutoka Kilindini mpaka kwa mama ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, ukijua vichochoro. Nilikuwa nimefanya kazi pale mwaka na zaidi, na sikuwahi kuutembea mwendo huo saa ya kula, hata mara moja. Baba aliutembea maisha yake yote. Jua lilikuwa kali, jasho likanitiririka chini ya buibui, nami nilitamani njia iwe ndefu zaidi, maana sikujua nitamwambia nini.

Nilipoanza kupanda ngazi nikasikia sufuria ikifunuliwa juu.

Tulizipeleka kwanza zile sahani sita, maana mama alisema watu wa watu wanangoja na wao hawana kosa. Kisha akaleta sinia. Wali kidogo ubavuni, kipande cha nguru, mchicha. Tukakaa mkekani, yeye upande wake wa mlango, plasta nyeupe juu ya jicho. Sinia lilionekana kubwa mno. Akausogeza mnofu kwangu, bila kutazama. Nikaurudisha. Akausogeza tena. Nikamwambia mama, leo hapana. Akaacha mkono wake katikati, hali wala hasogezi, nami nikaogopa kwamba atasema ameshiba na ndiyo itakuwa basi, nitakuwa nimempoteza hapo hapo mbele ya chakula.

Badala yake akaniuliza.

"Nawe mchana wala na nani, huko kazini?"

Nilitaka kusema tunakula. Neno lilinifika mdomoni kabisa, tunakula na wenzangu ofisini, na meneja, na watu tele.

"Peke yangu, mama," nikasema. "Bajia za njiani. Pale pale mezani, naandika."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akanitazama kwa muda mrefu, jicho moja limevimba, na sijapata kutazamwa vile tangu nilipokuwa mdogo na homa. Kisha akaugawa ule mnofu sawa kwa sawa, akaweka nusu mbele yangu na nusu mbele yake.

"Basi sote wawili tuna njaa," akasema, akatia tonge kinywani. "Kula."